Kabla ya kuuliza mvua ina maana gani

Katika hadithi nyingi ninazoletewa kwenye warsha zangu za uandishi hapa Dodoma, mvua hunyesha makaburini. Mwandishi huwa ameiweka hapo iwe machozi ya mbingu, nami humwuliza: kwenu, mvua ikinyesha siku ya mazishi, wazee husema nini? Mara nyingi hunyamaza kidogo, kisha hujibu kwamba husema ni baraka. Mkoa huu una msimu mmoja tu wa mvua, takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, na mkulima wa mtama anayetazama mawingu tangu Novemba hawezi kuyasoma kama huzuni. Mwandishi huyo ameazima ishara ya nchi zenye mvua nyingi na kuipanda katika udongo usioikubali. Mvua ya makaburini inaweza kutumika hapa, na kwa nguvu zaidi, endapo mwandishi atakubali kwamba waombolezaji wanafurahi kwa siri na wanaona haya kufurahi.

Hapo ndipo taashira, yaani kitu halisi katika hadithi kinachobeba maana ya ziada, inapotofautiana na sitiari, ambayo hukiita kitu kwa jina la kingine, ingawa wanafunzi huzichanganya. Nikisema Juma ni simba, hakuna simba yeyote uani. Nimeazima ukali wake tu. Taashira huhitaji kitu chenyewe kiwepo na kifanye kazi yake ya kawaida: mvua ilowanishe nguo, itie tope kaburini, icheleweshe wageni. Maana ya ziada hujengwa juu ya kazi hiyo, na kazi hiyo ikikosekana, maana huelea hewani.

Kwa wachoraji, mimi huanzia Kolo, wilayani Kondoa, ambako michoro ya miambani imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006. Eneo hilo lina mapango na vibanda vya miamba zaidi ya 150, na michoro yake ni ya nyakati tofauti: ile myekundu, yenye wanyama na watu waliorefushwa, kwa kawaida huhusishwa na wawindaji na wakusanyaji wa matunda, ilhali ile myeupe huhusishwa na wakulima na wafugaji waliofuata. Mgeni hufika na swali moja, yaani mnyama huyu anawakilisha nini, na hutaka jibu la neno moja. Mimi humwomba kwanza atazame mnyama amechorwa wapi, kwa ukubwa gani, karibu na nani, na kama mchoro mwingine umepita juu yake, kwa kuwa bila hayo tafsiri yoyote ni kubahatisha. Isitoshe, baadhi ya mapango hayo bado yanatumiwa na wenyeji kwa matambiko, yakiwemo ya kuomba mvua, kwa hiyo ukuta uleule una maana nyingine kwa watu walio hai, ambao hawakuchora hata mstari mmoja.

Rangi nazo ni vivyo hivyo. Mchoraji anayetumia nyeusi kwa uovu akumbuke kwamba katika bendera yetu nyeusi ni watu.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa kibuyu. Niliandika hadithi ya ndoa inayovunjika, nikaweka ukutani kibuyu chenye ufa, kisha nikamfanya mke aseme kwamba ndoa yao ni kama kibuyu kile. Msikilizaji mmoja aliniambia kuwa nimetega kitendawili na kukitegua mwenyewe kabla sijapewa mji, na alikuwa na haki. Nilifuta sentensi ile. Katika toleo jipya mke anajua ufa uko wapi, hivyo kila akichota maji huishia chini ya ufa huo, na mume hulalamika kwamba kila siku maji ni pungufu.