Mashine za picha za hospitali: soko la dunia linaelekea wapi na sisi Uganda tuulize nini kabla ya kulipa

Wanaokuja ofisini kwetu au kupiga simu kuhusu mashine za picha, yaani eksirei, altrasaundi, CT scan, MRI na mamografia (ya matiti), swali la kwanza huwa ni moja tu: bei ngapi? Anauliza daktari anayetaka kufungua kliniki Mbale, inauliza kamati ya hospitali ya misheni huko West Nile, anauliza hata mfanyabiashara aliyeona foleni za Mulago akafikiria kuweka CT yake pale Wandegeya. Na sisi siku hizi tunamjibu kwa swali: unataka bei ya kuinunua au bei ya kukaa nayo miaka 10? Maana hizo ni bei mbili tofauti kabisa na soko la dunia limehamia kwenye hiyo ya pili, watengenezaji wanalijua hilo vizuri sana, ni sisi wanunuzi wa huku ndio tunachelewa kuliona, na anayeumia mwishoni ni mgonjwa anayeambiwa mashine mbovu rudi mwezi ujao.

Soko lenyewe ni kubwa, makadirio mengi yanazunguka dola bilioni 40 kwa mwaka, juu kidogo au chini kidogo kutegemea nani kahesabu nini, na kwa muda mrefu limeshikwa na makampuni machache: Siemens Healthineers ya Ujerumani, GE HealthCare ya Marekani, Philips ya Uholanzi, halafu Wajapani, Canon na Fujifilm. Sasa angalia hayo majina vizuri. Canon walinunua kitengo cha tiba cha Toshiba 2016. Fujifilm wakachukua biashara ya picha ya Hitachi 2021. Siemens walikitenga kitengo chao cha afya kikaingia soko la hisa 2018 na General Electric nao wakakitenga cha kwao mwanzoni mwa 2023. Hata CT yenyewe ilizaliwa kwenye kampuni ya Uingereza iliyokuwa maarufu kwa kuuza santuri, EMI, injinia wao Godfrey Hounsfield ndiye aliyeiunda na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha hospitali ya Atkinson Morley, London, tarehe 1 Oktoba 1971, miaka kumi baadaye EMI walikuwa wameshatoka kwenye biashara hiyo. Hounsfield akapata Nobel 1979 pamoja na Allan Cormack, Mwafrika Kusini wa kuzaliwa, lakini hospitali zilizokuwa na mashine za EMI zikabaki kutafuta spea kwa watu wengine.

Kwa mnunuzi wa Kampala hii si historia tu. Ukiwa na CT iliyobandikwa Toshiba, spea unazitafuta kwa Canon, na ni wao watakaokuambia spea hizo zinakoma mwaka gani. Kila modeli ina mwaka wa mwisho wa kuhudumiwa, kuna nyingine zinauzwa kwa bei nzuri ajabu kwa sababu mwaka huo uko karibu, kwa hiyo iulizeni hiyo tarehe na mpewe kwa maandishi.

Badiliko kubwa zaidi la miaka ya karibuni ni China. United Imaging ya Shanghai imeanzishwa 2011 tu, leo inatengeneza CT, MRI na hata PET, ile mashine inayotumia dawa yenye mionzi kidogo kutafuta saratani, na 2022 iliingia soko la hisa la kwao. Mindray ya Shenzhen inajulikana dunia nzima kwa altrasaundi, Neusoft ya Shenyang kwa CT. Ulaya wameanza kujihami: Juni 2025 Umoja wa Ulaya ulizuia makampuni ya China kwenye tenda za serikali za vifaa tiba zinazozidi euro milioni 5, wakisema China nayo inawabana wa kwao, na China ikalipiza mwezi uliofuata. Mimi naona mlango ukibanwa huko wauzaji wanakuja huku, na tayari wanakuja, bei inashuka na hilo ni jambo jema kwetu, hata wazungu na Wajapani inabidi washushe. Ila punguzo ninalopenda kuliona sio la bei ya mashine. Mwambie muuzaji, badala ya kunitolea asilimia 10, nipe miaka 3 zaidi ya waranti na injinia anayelala Kampala au walau Nairobi, sio wa kusubiri viza wiki 3 huku CT imezimwa.

Kwa nini nasisitiza hivyo, tuangalie kitu kimoja tu ndani ya CT, kinaitwa tyubu. Ndani yake hakuna hewa, kuna waya unaopashwa moto mkali kisha elektroni zinarushwa kwa nguvu kubwa ya umeme zinagonga sahani ya tangsteni inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na katika nishati yote hiyo isiyofika hata asilimia 1 ndiyo inatoka kama eksirei, iliyobaki yote inakuwa joto. Na hiyo tyubu haikai tuli, inazungushwa kumzunguka mgonjwa, mzunguko mmoja chini ya sekunde. Kwa hiyo tyubu inachakaa, hiyo ni kawaida yake, kila mgonjwa anakula kipande cha maisha yake na mashine yenyewe inahesabu. Ikifa, mpya inagharimu makumi ya maelfu ya dola, kwa CT kubwa inaweza kupita dola 100,000, pesa ambayo hospitali nyingi hazijaiweka popote kwenye bajeti. Asubuhi radiografa anatakiwa kuipasha tyubu taratibu kabla ya mgonjwa wa kwanza, lakini foleni ikiwa ndefu na ndugu wa majeruhi wanapiga kelele mlangoni anaruka hiyo hatua, tangsteni ya baridi inapigwa joto la ghafla inapasuka nyufa ndogo ndogo. Halafu umeme unakatika katikati ya picha, tyubu ya moto inabaki bila mafuta ya kuipooza kuzunguka. Hivyo ndivyo tyubu ya miaka 4 inavyokufa kwa miaka 2, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Stabilaiza, UPS (betri ya kushika umeme ukikatika) ya kutosha na kiyoyozi kinachofanya kazi usiku na mchana si mapambo ya chumba, ni sehemu ya mashine, na kama havimo kwenye kotesheni jueni kotesheni haijakamilika.

Kingine ambacho soko limebadilika ni funguo za programu. Mashine za zamani fundi mzuri alifungua kifuniko akatafuta tatizo. Za sasa ukifungua unakuta kompyuta inakuomba paswedi ya huduma, na hiyo paswedi ni ya mtengenezaji, huna mkataba hupewi, hata orodha ya makosa huwezi kuisoma. Huko Marekani ubishi huu umekuwa mkubwa, watengenezaji walidai mafundi wa nje ni hatari kwa wagonjwa, mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba, FDA, ikachunguza na kutoa ripoti Mei 2018 ikisema ushahidi uliopo hautoshi kuonyesha hatari ya namna hiyo na kwamba mafundi hao wana mchango muhimu. Sisi tuna mainjinia wa vifaa tiba wanaosomeshwa hapa hapa Makerere na Kyambogo, vijana wenye akili sana, inaniuma kuona wamesimama pembeni ya mashine ya hospitali yao wenyewe wakisubiri mtu wa kuja na flashi disk. Haki ya kupewa funguo za huduma za ngazi ya kwanza na mafunzo ya injinia wenu inatakiwa kuwemo kwenye tenda kabla haijatangazwa, ukishalipa hakuna atakayekusikiliza.

Kuna wanaosema basi tusinunue, tukodishe. Nalo ni wimbi la dunia, kulipa kwa mwaka au kwa kila mgonjwa anayepigwa picha. Jirani zetu Kenya walijaribu 2015, mpango wa kukodisha vifaa wa miaka 7 kwa hospitali 98 nchi nzima, GE ndio waliopewa upande wa picha. Kuna kaunti zilizofaidika, watu wakapata eksirei ya kidijitali karibu na nyumbani, ila baadaye Seneti ikaunda kamati ya kuchunguza maana sehemu nyingine mashine zilikuwa zimekaa tu, hamna mtaalamu, hamna umeme wa kutosha au chumba hakijakamilika, na kaunti inaendelea kukatwa pesa. Kukodisha sio kubaya, kubaya ni kulipia mashine ambayo haijawashwa. Mkataba ukisema malipo yanaanza siku mgonjwa wa kwanza anapigwa picha na yanasimama mashine ikizimika zaidi ya masaa kadhaa mliyokubaliana, muuzaji mwenyewe atakimbiza chumba kiishe.

Upande ninaoufurahia kuliko wote ni mashine kuwa ndogo. Altrasaundi ya mkononi inayochomekwa kwenye simu, kampuni ya Butterfly ya Marekani walitoa yao 2018 kwa bei ya chini ya dola 2,000, siku hizi kuna kampuni nyingi zinatengeneza za namna hiyo na za China ni rahisi zaidi. Mkunga wa Health Centre III, kituo kidogo cha afya, anaweza kuona mtoto amekaa vibaya au kondo la nyuma limeziba njia na akampeleka mama hospitali kabla uchungu haujaanza, hilo peke yake linaokoa watu. Uganda tuna bahati ya kuwa na shule ya altrasaundi pale Mengo, ECUREI, inayofundisha wanafunzi mpaka wa nchi jirani, kwa hiyo kisingizio cha kukosa mafunzo hatuna. Tahadhari mbili tu. Probu, kile kichwa kinachowekwa mwilini, ikianguka sakafuni mara moja chembe za ndani zinaweza kupasuka, picha inaanza kuonyesha mstari mweusi wima usioondoka hata ukipaka jeli kiasi gani, na ukiona mstari huo usiendelee kupima wajawazito nayo. Na nyingi za hizi za mkononi zina malipo ya programu kila mwaka, msipolipa baadhi ya kazi zinafungwa, ulizeni.

Akili mnemba (AI) nayo imeingia kwa kasi. Orodha ya FDA ya vifaa tiba vyenye akili mnemba imepita 1,000 na karibu robo tatu ni vya redioloji. Kwetu yenye maana kubwa ni ya kifua kikuu: 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zisome eksirei ya kifua kwa kuchuja watu wa miaka 15 na zaidi, badala ya kumsubiri daktari wa kusoma, na hapa Uganda eksirei za kubebeka zenye programu hizo zimeshafika mpaka vijijini kwenye kampeni za TB. Programu haimtibu mtu wala haithibitishi ugonjwa, inasema huyu apelekwe makohozi yake maabara, basi. Muuzaji akikuambia programu yake inafanya kazi ya mtaalamu wa redioloji, mwambie aonyeshe ilijaribiwa kwa watu gani, maana programu iliyofundishwa kwa picha za watu wa nchi nyingine inaweza kukosea kwenye vifua vya huku ambako makovu ya TB ya zamani ni mengi.

MRI sitaongea sana, ni chache nchini na wengi wenu hamtainunua, lakini kuna jambo la karibu yetu. Sumaku yake inapoozwa kwa heliamu ya maji maji, za kawaida zilikuwa zinahitaji kama lita 1,500, kupooza kukisimama muda mrefu kwa sababu ya umeme heliamu inachemka inapotea hewani na kuijaza upya ni gharama kubwa. Philips 2018 walitoa sumaku iliyofungwa kabisa yenye lita 7 tu na wengine wanakimbilia huko huko, kwa nchi yenye umeme wa kukatika katika kama yetu hiyo ndiyo aina ya kuulizia. Na heliamu yenyewe, ambayo dunia inategemea zaidi Marekani na Qatar, 2016 ilitangazwa imegunduliwa kwa wingi bonde la Rukwa hapo Tanzania. Uchimbaji ukifanikiwa bado haimaanishi mtungi utashuka bei Kampala kesho, ila ni vizuri kujua.

Zimebaki mashine zilizotumika na za msaada, na hapa ndipo simu nyingi zinapotoka. Soko la mitumba ya mashine za picha duniani ni kubwa na halali, watengenezaji wenyewe wanazirudisha kiwandani wanabadilisha vilivyochoka na kuziuza tena na waranti, hizo hazina ubaya. Shida ni ile inayong'olewa hospitali fulani ng'ambo na dalali, inapakiwa kontena, inafika mpakani Malaba haina kitabu wala diski za programu. Utafiti mmoja wa 2011 uliokusanya taarifa za nchi zenye uwezo mdogo ulikuta karibu asilimia 40 ya vifaa tiba havifanyi kazi, na rafiki zetu wafadhili wana moyo mzuri kweli lakini mashine ya msaada isiyo na tyubu nzima ni mzigo, mna haki ya kuomba mletewe hesabu ya tyubu, mwaka wa kutengenezwa, picha za majaribio na barua ya mwaka wa mwisho wa spea kabla haijapanda meli, na msione aibu kukataa. Na kwa chochote kinachotoa mionzi, sheria ya nishati ya atomiki ya 2008 inataka kibali cha Atomic Energy Council, baraza la serikali linalosimamia mionzi, kwa hiyo nendeni kwao mapema na ramani ya chumba, unene wa ukuta na madini ya risasi ya kuzuia mionzi mlangoni vikaguliwe kwenye karatasi, kubomoa ukuta uliokwisha kupakwa rangi ni ghali kuliko kuchora upya. Kotesheni mkiipata tuleteeni tuisome pamoja, kuisoma kwetu hakuna malipo, hata kama ni ya altrasaundi moja ya Health Centre.