Nishani ya ushupavu maana yake nini hasa

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, hapa Dodoma tunawaona wazee na maafisa pale Mtumba vifua vimejaa nishani, Rais anaweka mkuki na ngao, tarumbeta inalia, na watoto hawakosi kuuliza huyu kaua maadui wangapi mpaka kapewa zote hizo. Jamani, haiko hivyo kabisa.

Nyingi ya zile ni nishani za utumishi. Ipo ya utumishi mrefu na tabia njema, hiyo askari anaipata kwa kukaa jeshini miaka mingi bila kuharibu, na zipo za vita kama ile ya Kagera. Jirani yetu mmoja huku Chang'ombe anayo ya Kagera, utepe umeshapauka, siku yenyewe ikifika anaisugua mpaka inang'aa afu anaibana kushoto kwenye koti, na ukimsifia anakwambia hii tulipewa tuliokwenda, sio mimi peke yangu.

Ya ushupavu ni habari nyingine. Haiangalii miaka wala cheo, inaangalia tendo moja, yaani askari kafanya kitu kilichozidi wajibu wake, hatari anaiona kabisa, na wenzie wameshuhudia. Kamanda anaandika, waliokuwepo wanatoa maelezo, linapanda juu mpaka kwa Amiri Jeshi Mkuu. Askari mwenyewe akiwa amefariki inapokelewa na familia.

Mfano unaotugusa Watanzania ni wa Chancy Chitete, askari wa kawaida tu wa Malawi. Novemba 2018 huko karibu na Beni, mashariki mwa Kongo, wanajeshi wa Malawi na wetu waliokuwa kwenye kikosi cha Umoja wa Mataifa walishambuliwa vikali na waasi wa ADF, sasa Chitete na wenzie wakawa wanawakinga Watanzania warudi nyuma, ndo akamuona koplo wetu mmoja kaumia vibaya, hawezi kusogea, risasi zinapita. Akamfuata. Akamburuta mpaka sehemu yenye afadhali akaanza kumpa huduma ya kwanza, na akiwa kwenye hiyo kazi akapigwa risasi akafa. Koplo wetu akapona. Mei 2019 mjane wa Chitete alikabidhiwa New York nishani ya ushupavu ya Umoja wa Mataifa, inaitwa ya Kapteni Mbaye Diagne, yule Msenegali aliyeokoa watu wengi Rwanda 1994 kabla hajauawa.

Umoja wa Mataifa wana nishani nyingine pia, ya Dag Hammarskjöld, hiyo wanapewa wote wanaofia kwenye ulinzi wa amani. Kufa kazini kuna heshima yake, ila ya ushupavu inataka lile tendo, na ndo hapo kwenye mashahidi panaponiuma, maana vita ya Kagera ya 1978 na 1979 sina shaka wapo vijana wetu waliofanya kama Chitete lakini aliyeona naye hakurudi, au alirudi hakuna aliyemuuliza. Wazee wale wanazidi kupungua, na huku kwetu wengine wako vijijini Kongwa, Chamwino, Mpwapwa. Kama una babu aliyekwenda, mpe shikamoo yake, kaa naye, muulize nani alikuwa pembeni yake siku ile mambo yalipokuwa magumu na alifanya nini, na uandike jina.