"Wanzuki ni asali tu": tunayoambiana vilabuni Tabora

Mjomba wangu ni mrina asali huko Sikonge. Ukimwambia apunguze pombe anakushangaa: pombe gani? Yeye anakunywa wanzuki, na wanzuki ni asali, na asali ni dawa.

Kwetu Tabora hii ndiyo dhana kubwa kuliko zote, kwa hiyo nianze nayo. Asali iliyoiva ndani ya mzinga haichachi, kwa sababu maji yake ni kidogo mno kwa hamira kufanya kazi. Ukiitia maji tu, na ndivyo wanzuki inavyotengenezwa, hamira inaanza kula sukari na kuacha vitu viwili: hewa, ndiyo lile povu unaloliona mama muuza akifunua ndoo, na kilevi. Kilevi hicho ndicho kilichomo kwenye bia ya chupa na ndicho kilichomo kwenye gongo. Ini haliulizi kimetoka mzingani au kiwandani. Isitoshe, bia ya nusu lita yenye asilimia 5 unajua ina gramu 20 hivi za kilevi. Wanzuki haina lebo. Leo nyepesi, keshokutwa kali, na ukali wake unaujua siku ya kusimama.

"Bia inasafisha figo." Unakojoa sana, kweli, ila si usafi. Kilevi kinaizuia homoni inayoziamuru figo zibakize maji mwilini, na maji yanakutoka. Ndiyo maana unaamka mdomo mkavu kama umelamba vumbi la mtaa wa Cheyo mwezi wa nane.

"Supu ya moto inakata pombe." Wengine wanasema kahawa chungu, wengine kuoga maji ya baridi. Vyote vinakuchangamsha, lakini kilevi kinabaki palepale kwenye damu. Ini husaga kama gramu 10 kwa saa, na halina haraka. Piga hesabu: dereva wa bodaboda aliyeanza saa mbili usiku akamaliza bia tano ana gramu 100. Saa kumi na moja alfajiri, akiwahi abiria wa stesheni, bado ana kilevi kwenye damu hata kama ameshashushia bakuli la supu. Na ile ya kuzimua asubuhi haitibu mning'inio. Inauahirisha tu, huku ikiliongezea ini kazi.

"Inaleta joto." Ngozi ndiyo inayopata joto, maana damu inakimbilia huko, na joto la ndani linapotea. Mlinzi wa usiku mwezi wa saba bora avae koti.

"Nina kichwa kigumu, mimi silewi." Hii inanitisha kuliko zote, maana anayeisema huwa anajisifu. Aliyezoea ni ubongo. Ini linaendelea kujaa mafuta, baadaye makovu, na kwa muda mrefu haliumi hata kidogo. Tangu 1988 vinywaji vyenye kilevi vimo kwenye orodha ya visababishi vya saratani, na leo zinazotajwa ni ya mdomo, koo, ini, utumbo mpana, na titi kwa wanawake. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani likasema wazi kwamba hakuna kiasi kisicho na hatari kwa afya. Kwa mjamzito ndiyo kabisa, hata kikombe kimoja cha wanzuki.

Nimalizie na gongo. Wapo wanaomwaga kidogo kwenye kijiko na kuwasha kiberiti. Ikiwaka bluu, wanasema safi. Methanoli nayo huwaka bluu hafifu. Ikiingia mwilini inageuzwa asidi inayoua mshipa wa fahamu wa jicho, na dalili zinaweza kuchelewa hata siku nzima, wakati mtu ameshadhani ni mning'inio wa kawaida. Aliyekunywa gongo jana na leo analalamika kuona ukungu, tumbo linamsokota na anahema haraka, msimlaze apumzike. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, na mwambieni daktari alichokunywa.