Mkuki mzito haumkomazi mtoto, unamharibia kiwiko

Jumamosi asubuhi niko uwanjani, jua la Tanga bado halijachachamaa, akaja mzee mmoja na kijana wake wa miaka 13. Kijana kabeba mkuki wa gramu 800, ule wa wanaume, na kwenye kiwiko kafungwa kitambaa. Mzee anasema kocha, mi nimeamua nimuanzishie mzito kabisa, akishauzoea huo siku ya mashindano akipewa mwepesi ataupeperusha mpaka baharini. Nikamuuliza, sasa baba mbona kiwiko kina kitambaa? Akajibu aah hiyo ni kukomaa tu, misuli inajijenga.

Nikamwamkia tena upya ili nipate muda wa kumeza hasira.

Maana hili neno "kukomaa" kila ikikaribia UMISSETA na UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za sekondari na za msingi, nalisikia kwa wazazi, kwa walimu wa michezo, hadi kwa bodaboda wanaosimama pale ukutani kuangalia mazoezi. Kwaiyo leo naandika mara moja, atakayeniuliza tena namtumia hii asome mwenyewe.

"Akizoea mzito, mwepesi atautupa mbali." Hapana. Mkuki sio gunia la mahindi kwamba ukibeba la kilo 100 basi la 50 utaliona pamba. Mkuki unaenda mbali kwa sababu ya kasi unayotoka nayo mkononi, na hiyo kasi inalipa kuliko watu wanavyodhani, ukiiongeza asilimia 10 umbali unapanda kama asilimia 20 hivi. Sasa hiyo kasi inapatikana wapi? Kuanzia mguu wa mbele unapokita mpaka mkuki unaachia, haifiki hata robo ya sekunde, na ndani ya hapo mguu unazuia, nyonga inageuka, kifua kinafunguka, bega linavuta, kiwiko kinapita juu, mkono unamalizia. Ni kama mjeledi, kila kipande kinasubiri cha nyuma yake. Mpe mtoto kitu kizito uone, huo mjeledi unakatika hapo hapo. Mkono hauwezi kukivuta kwa kasi, mwili unatafuta njia ya mkato, kiwiko kinashuka chini ya bega, basi mtoto anaanza kusukuma kama anatupa tufe au anauzungusha kwa pembeni kama anatupa wavu. Anarudia hivyo mara mia mbili kwa wiki. Alafu siku ya mashindano unampa mkuki mwepesi, unadhani mwili utakumbuka nini? Utakumbuka kusukuma taratibu, maana ndicho ulichofundishwa.

Na hapo bado sijafika kwenye kiwiko chenyewe. Kiwiko kikishuka, mzigo wote unahamia upande wa ndani. Kwa mtu mzima pale kuna kano imeshika mfupa na mfupa, hiyo ndiyo inayochanika. Kwa mtoto hata hiyo kano sio tatizo la kwanza, tatizo ni sehemu ya kukulia mfupa, ile gegedu ambayo haijawa mfupa bado, na upande wa ndani wa kiwiko kwa wavulana wengi haifungi mpaka miaka kama 15 hadi 17. Ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote na ndiyo unayoivuta kila anaporusha. Mtoto akikwambia anaumwa upande wa ndani wa kiwiko huko sio kukomaa, anakwambia pale pananyofoka. Anapumzika, anaenda kwa daktari wa mifupa, na usimkande kwa maji ya moto halafu kesho umrudishe uwanjani, naomba sana.

Piga hesabu ya dukani tu. Mwanaume wa kilo 90 aliyejengeka anarusha gramu 800. Kijana wako ana kilo 40. Kwa uwiano huo huo anastahili kama gramu 355. Kwaiyo nikimpa wa 400 sijamdharau wala sijamfanya mtoto wa chekechea, nimempa mzigo ule ule anaopewa mkubwa.

Kuna kipande kimoja cha ukweli humo, nisije nikaitwa mbishi. Warushaji wa kiwango cha juu kweli wanatumia vitu vizito mazoezini, mipira ya kilo moja, mikuki iliyozidi uzito. Lakini hao ni watu wazima wenye miaka na miaka ya kurusha, wanarusha kwa idadi ya kuhesabu, na wanachanganya na vyepesi ili mkono usisahau kasi. Mtu anaangalia video ya sekunde kumi na tano, anachukua kile kipande cha mpira mzito, anakuja kumshindilia mtoto wa darasa la saba.

Kipimo changu mimi hakina mashine. Mtoto asimame tu bila kukimbia, arushe mara kumi, mi nasimama pembeni yake usawa wa bega naangalia kiwiko na mkia wa mkuki. Kiwiko kikianza kushuka kabla ya mara ya nane, au mkia ukianza kugusa mgongo na kugonga chini, huo mkuki mzito, nampunguzia. Sitazami umbali kabisa. Kuna binti namfundisha alikuwa anarusha wa 600 kwa kuburuza, nikamshusha 400 akanuna wiki nzima kwamba nimemwaibisha mbele ya wenzake, sasa hivi kiwiko kinapita juu ya sikio kama kimevutwa na kamba, na wa 500 anaushika vizuri tu.

Uzito wenyewe kwa ufupi. Mashindano ya kimataifa, wanaume na vijana chini ya miaka 20 ni 800, wavulana chini ya 18 ni 700, wanawake na wasichana chini ya 20 ni 600, wasichana chini ya 18 ni 500. Chini ya hapo mi naenda hivi: wavulana wa 14 na 15 wa 600, wasichana wa umri huo 500, wadogo zaidi wote 400. Wa darasa la tatu na la nne wasiguse chuma kabisa, wape ile ya plastiki au sponji, ikikosekana wape mpira wa tenisi au vidaka vilivyoanguka chini ya mnazi. Mtoto aliyezoea kuangua embe kwa jiwe tayari kiwiko chake kiko juu, hajafundishwa na mtu. Na sisi wazee tunashushiwa, ukifika 50 wanaume wanarusha 700, mi nauchukua bila aibu yoyote.

Halafu lile la nondo.

Shule haina mkuki, mwalimu anaenda kwa fundi wa kuchomelea, anakatiwa nondo, inachongwa ncha, inapigwa rangi nyekundu na nyeupe, watoto wanaambiwa rusheni. "Mkuki ni mkuki tu." Siku moja niliibeba moja nikaenda nayo kule Deep Sea kwa muuza samaki, nikamwomba anitundikie kwenye mzani wake, watu wakacheka wakasema leo kocha kavua nini. Haikuwa na haja hata ya mzani, nondo ya milimita 10 kila mita ina kama gramu 617, ukikata mita 2.6 una kilo moja na gramu 600. Mara mbili ya mkuki wa mwanaume! Anapewa binti wa form two. Na kitovu chake cha uzito, pale unapoiweka kwenye kidole ikalala sawa, kiko katikati kweli, wakati mkuki halali uzito wake umesogea mbele ili ncha ishuke kwanza.

Na hiyo "mkuki ni mkuki tu" waulize waliokuwepo 1984. Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki alirusha mita 104.80 pale Berlin, wakubwa wa riadha wakaona sasa huyu ataua mtu upande wa pili wa uwanja, na isitoshe mikuki ilikuwa inatua imelala, waamuzi wanabishana kama imegusa ncha au tumbo. Mwaka 1986 wakasogeza kitovu cha uzito mbele sentimita 4. Nne tu. Uzito ule ule gramu 800. Rekodi ya kwanza ya mkuki mpya mwaka huo ikawa mita 85.74. Wa wanawake nao ukabadilishwa 1999. Sasa kama sentimita nne zinafanya hivyo kwa bingwa wa dunia, nondo yako ya fundi inamfanyia nini mtoto?

Kama hela hamna kabisa, na sisi Tanga tuko kwenye nchi ya mkonge jamani, chukua ule mlingoti wa ua la mkonge uliokauka, ni mwepesi, uchonge mwembamba, zungushia kamba ya katani pale pa kushika, mbele ongeza uzito kidogo mpaka ukiuweka kwenye kidole ulale kwa mbele. Sio wa mashindano na wala usidhani utaruka kama wa dukani, ila mkono unajifunza njia.

"Ninunulie wa mita 80 ili nirushe mita 80." Hii wanayo zaidi vijana wenye vihela. Ile namba inayoandikwa kwenye mkuki, 50, 60, 70, 80, haisemi mkuki utafika wapi, inasema umetengenezwa kwa mtu ambaye tayari anarusha huko. Wa namba kubwa ni mgumu, haupindi, unataka upigwe sawasawa kwenye mstari wake. Ukiukosea kidogo unapoteza kasi, na ule mshtuko unarudi kwenye kiwiko. Wa namba ndogo ni laini, unakusamehe makosa. Kijana wa mita 42 akishika wa 80 anarusha 38, alafu anasema upepo. Chukua namba iliyo karibu na unachorusha au juu yake kidogo basi. Viatu vya mchezaji wa Yanga havijawahi kumfungia mtu goli.

Mkuki wa kaboni nao ni habari hiyo hiyo, ni kwa wanaojua. Anayeanza, aluminiamu inamtosha.

"Lazima uchome chini ndiyo uhesabiwe." Sio kweli, ncha ya chuma ikigusa kwanza inatosha, hata ukianguka baadaye. Mwamuzi wa shule asikutishe.

"Wa wasichana ni wa kujifunzia tu." Wa 600 una urefu wake, mita 2.2 hadi 2.3, na kitovu chake cha uzito, sio toleo la wa wanaume lililopunguzwa. Barbora Špotáková aliurusha mita 72.28 mwaka 2008. Nitajie mwanaume wa mkoa wako anayeufikisha huko.

"Yego alijifunzia YouTube na vijiti, kwaiyo kifaa sio muhimu." Julius Yego wa Kenya kweli alianza na vijiti na kweli aliangalia video, lakini zile mita 92.72 za Beijing 2015 alizirusha na mkuki halali, akiwa mtu mzima. Hakuzirusha na nondo akiwa na miaka 13. Watu wanapenda mwanzo wa hadithi.

Upepo sitausema sana, ila kusi ikivuma usoni usimpe mtoto anayenyanyua ncha juu, mkuki utasimama hewani urudi na mkia, mwambie ashushe ncha iangalie mbele.

Sasa walimu wanaoniuliza shule inunue upi kama hela ni ya mmoja tu. Nunua wa 600. Sio 800! Kila shule naingia stoo nakuta 800 moja yenye kutu imeegemezwa na majembe, nani alishauri sijui. Wa 600 wasichana wakubwa wanautumia kwenye mashindano, wavulana wa 14 na 15 unawafaa, na wa miaka 16 anaufanyia mazoezi ya kasi kabla ya 700. Hela ikipatikana tena nunua wa 400, mara mbili. Wa 800 uwe wa mwisho kabisa, anayeuhitaji kweli shuleni kwako labda ni kijana mmoja wa form six.

Na ukiununua uuhifadhi umelala au umening'inizwa, usiuegemeze ukutani miezi sita kwenye joto letu hili halafu ulalamike umepinda.

Yule mzee wa Jumamosi tulielewana, ila kwa shida. Kijana nimemwambia asirushe kitu mpaka daktari aseme. Jana kaja kakaa kwenye kivuli cha mwarobaini anaangalia wenzake, kitambaa kimetoka, mkono haunyooki wote bado. Baba yake kanipigia jioni kuniuliza, kocha, huo wa 400 unauzwa wapi.