Msimamizi wa mirathi si mwenye nyumba

"Mahakama ilishampa kaka nyumba." Sentensi hii nimeisikia mno katika kazi ya usaidizi wa kisheria hapa Tanga. Mtu anakaa, anafungua mfuko wa nailoni, anatoa nakala ya fomu ya Mahakama ya Mwanzo iliyokunjwa mara nne. Ukiisoma, imeandikwa wazi kwamba fulani ameteuliwa kusimamia mirathi ya marehemu fulani. Hakuna mahali inaposema nyumba ni yake. Lakini kaka ameishi kama mwenye nyumba, amekula kodi kama mwenye nyumba, na sasa amekuja mnunuzi.

Wanunuzi wamezidi, na sababu zinajulikana. Bandari imechimbwa na kujengewa gati la mita 450, meli kubwa zinafunga hapo hapo badala ya kutia nanga nje na kushusha mizigo kwenye matishari. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, ng'ambo tu ya ghuba. Mitaa imewekwa lami na taa. Kwa hiyo dalali anayezunguka na baiskeli kwenye barabara za namba za Ngamiani, hapa hapa mjini Tanga, anatafuta kiwanja cha fremu na ghorofa, na nyumba iliyosimama juu yake kwake ni kifusi tu.

Nyumba hizo ndizo zinazofanya Ngamiani ikalike kwa mtu wa kipato kidogo. Ni zile za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo cha wote. Chumba kimoja yupo Mdigo muuza samaki, cha pili Msambaa anayeleta mboga kutoka Lushoto, cha tatu mjukuu wa Mmakonde aliyekuja enzi za manamba kukata mkonge, cha nne Mpemba mwenye genge. Kodi ni nafuu kwa sababu nyumba nyingi ni za urithi: hazina deni la benki, na anayepanga bei anaishi humo humo. Na kwa kuwa ni za urithi na mirathi haijafungwa, ndizo zinazoondoka kwa urahisi kuliko zote. Ndiyo maana dhana hii, kwamba msimamizi ndiye mwenye nyumba, inaniudhi.

Msimamizi ana kazi nne. Akusanye mali ya marehemu, alipe madeni, agawe kilichobaki kwa warithi, arudi mahakamani kutoa hesabu. Kwenye Mahakama ya Mwanzo anajaza fomu namba 5 ya orodha ya mali na namba 6 ya hesabu, na muda wake ni miezi minne tangu ateuliwe. Mahakama inaweza kumwongezea akiomba. Sasa niambie, ni familia ngapi unazozijua zilizowahi kuziona fomu hizo? Watu wanahangaika kupata uteuzi, wakiupata wanasherehekea kana kwamba safari imekwisha. Jalada linabaki wazi miaka kumi, na ndani ya miaka hiyo msimamizi anageuka mmiliki machoni pa mtaa mzima.

Kinachokoroga zaidi ni hati yenyewe. Nyumba ikiwa na hati miliki, msimamizi anapeleka uteuzi wake kwa Msajili wa Hati na jina lake linaingizwa badala ya la marehemu. Familia ikiiona inasema, "Tazama, hati ina jina la kaka." Soma mstari mpaka mwisho. Jina limeandikwa kwamba yumo kama msimamizi wa mirathi ya marehemu. Maneno hayo ndiyo yanayobeba haki za wengine wote. Jina lake limewekwa pale ili aweze kuwahamishia warithi, na hiyo ni hatua ya pili ambayo karibu kila familia inaikatiza njiani.

Na kodi ya vyumba? Hiyo nayo ni ya mirathi. Tuseme vyumba vinne vimepangishwa kwa shilingi 40,000 kila kimoja. Kwa mwezi ni 160,000, kwa mwaka ni 1,920,000. Msimamizi aliyekusanya miaka minane anatakiwa aeleze zilikokwenda zaidi ya milioni 15. Labda alibadilisha bati, labda alimuuguza mama, na hayo ni matumizi halali kabisa akiweza kuyaonyesha. Ndiyo maana kila familia inayokuja kwangu naiambia ifungue daftari la nyumba leo hii, si kesho: nani kalipa, chumba gani, mwezi gani, pesa imetumika wapi. Daftari la shilingi elfu moja linaokoa undugu.

Kwa familia ya Kiislamu hesabu ya mgawo haina siri. Baba amefariki, ameacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na wanne wa kike, wazazi wake walishatangulia, deni hakuna. Nyumba tuseme ina thamani ya milioni 64. Mke anapata thumni, yaani moja ya nane, milioni 8. Zinabaki 56, mtoto wa kiume anahesabiwa mafungu mawili na wa kike moja: kila wa kiume milioni 14, kila wa kike milioni 7. Dada aliyeolewa Muheza yumo. Aliyehamia Mombasa yumo. Kuolewa hakumtoi mtu kwenye mirathi ya baba yake, na ninasema hivi baada ya kuchoka kusikia "yeye ana kwake".

Upande wa pili kuna kosa linalofanana na hili, nalo wanalo warithi: "Hawezi kuuza bila sahihi zetu sote." Anaweza. Mahakama ya Rufani ilishasema, katika shauri lililomo kwenye ripoti za sheria za 1994, kwamba msimamizi halazimiki kisheria kupata ridhaa ya warithi wote ndipo auze mali ya mirathi. Asichoweza ni kuzifanya pesa za mauzo kuwa zake peke yake. Mrithi anayekaa akisubiri kuitwa kutia sahihi atasikia siku moja kwamba tingatinga liko uani, na kumng'oa mnunuzi aliyenunua kwa nia njema kutoka kwa msimamizi halali ni kazi ngumu mno. Ukiona dalali anapima baraza kwa hatua, nenda mahakama ile ile iliyomteua, omba aitwe atoe hesabu, na kama ametumia vibaya madaraka yake omba uteuzi utenguliwe. Kwa nyumba yenye hati, weka pia zuio kwa Msajili ili isihamishwe kwa mtu mwingine.

Hayo ni kwa msimamizi aliyeteuliwa. Kaka mkubwa ambaye hajateuliwa na mahakama, hata kikao cha ukoo kiwe kimempigia makofi, hana cha kuuza. Muhtasari wa kikao ni wa kupendekeza jina tu. Mnunuzi anayelipia kwa muhtasari huo amenunua kesi.

Ushauri wangu wa siku zote, na sitaubadilisha: pendekezeni wasimamizi wawili, mmoja wao awe mwanamke. Sheria inaruhusu zaidi ya mmoja. Kisha fungeni mirathi. Kama hamtaki kuuza, na naomba msitake, andikisheni warithi wote kwenye hati kila mmoja na hisa yake. Nyumba inabaki, wapangaji wanabaki, na mrithi anayetaka kutoka anauza hisa yake kwa nduguye kwanza. Mzigo wa karatasi upo, lakini ni wa mara moja.

Dhana nyingine potofu ninazozisikia kuhusu nyumba nazipitia haraka.

"Ngamiani ni uswahilini, haina viwanja vilivyopimwa." Anayesema hivi hajaitazama ramani. Ngamiani ilichorwa kwa mistari iliyonyooka tangu enzi za wakoloni, ndiyo maana barabara zake zina namba. Kabla hujaamini kwamba nyumba ya babu haina hati, nenda ofisi ya ardhi na namba ya kitalu na kiwanja, ukatafute. Nyingine zinakutwa na hati iliyokwisha muda, na hapo watu wanaogopa kwamba serikali itachukua. Unaomba ihuishwe. Ukidaiwa kodi ya pango la ardhi, lipa kwanza.

"Nimeandikiana na mnunuzi kwa mwenyekiti wa mtaa." Vizuri, una shahidi. Umiliki wa kiwanja chenye hati unahama kwa kuidhinishwa na kusajiliwa, baada ya kodi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) na ushuru wa stempu kulipwa.

"Mimi ndiye ninayelipa kodi ya jengo kwenye luku." Kodi hiyo inakatwa kwenye luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, na anayenunua umeme ndiye anayekatwa, awe nani. Mzigo ni wa mwenye jengo, kwa hiyo mpangaji zungumza naye ufidiwe kwenye pango. Lakini risiti ya luku haimpi mtu nyumba.

"Nimepanga hapa miaka 30, nikishapita 12 ni pangu." Hapana, bibi. Miaka 12 ni ukomo wa kudai ardhi mahakamani. Aliyeingia kwa ruhusa, awe mpangaji au mgeni, hawi mmiliki kwa kukaa sana, hata kama wajukuu wamezaliwa humo.

"Serikali ikitaka kupanua njia inavunja tu." Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya wakati. Inahesabiwa thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, na faida ya biashara iliyopotea. Uthamini usiolipwa ndani ya miaka miwili unakufa, unafanywa upya. Fidia ya nyumba inakwenda kwa wenye haki, na hapo tunarudi kwa msimamizi: hundi ikitoka kwa jina lake, hisa za wengine zimo ndani ya hundi hiyo.

"Nyumba ikiuzwa, wapangaji wanatoka siku hiyo hiyo." Mnunuzi anainunua pamoja na upangaji wake. Uliyelipa miezi sita, muda wako unaendelea. Unayelipa kwa mwezi, unastahili notisi isiyopungua mwezi. Kuezua bati mtu akiwa ndani bila amri si utaratibu, hata kama mwenye nyumba mpya ana haraka. Baraza la Kata siku hizi linapatanisha tu. Amri inatafutwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nenda na risiti za pango. Kama mwenye nyumba hatoi risiti, lipa kwa simu, uandike kwenye ujumbe ni kodi ya chumba gani na ya miezi ipi.