Bresi za kulipa mdogo mdogo: ni awamu au ni mkopo?

"Bresi zisizoonekana, bei nafuu, lipa mdogo mdogo." Tangazo la namna hii, la vifaa vya kunyoosha meno, limezagaa, na kila nikiliona naona watu kwenye maoni wakiuliza bei tu, kana kwamba maneno mengine yote yako wazi.

Kinachoitwa bresi zisizoonekana ni vitu vitatu. Kuna za kauri, ambazo ni bresi za kawaida za kubandikwa mbele ya jino, ila vibandiko vyake vina rangi ya jino. Waya mara nyingi bado unaonekana ukicheka. Kuna za kubandikwa upande wa ulimi. Hizo kweli zimejificha, lakini kazi yake ni ngumu kwa daktari na aghalabu ndizo ghali kuliko zote. Kisha kuna vifuniko vya plastiki angavu vya kuvaa na kuvua, ambavyo wengi huviita Invisalign hata vikiwa vya kampuni nyingine. Huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku, na bei hupanda kadiri meno yanavyohitaji kusogezwa. Basi, hilo limekwisha.

Linaloniudhi ni hilo la mdogo mdogo.

Awamu ni hivi: kunyoosha meno mara nyingi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, kwa hiyo kliniki hupokea kianzio, halafu kiasi fulani kila mwezi unapokwenda kukazwa waya. Unadaiwa na kliniki yenyewe, na pesa inakwenda sambamba na kazi. Ukihamishiwa Mwanza katikati ya matibabu, ulicholipa na kilichofanyika havipishani sana, na mnaweza kukaa mkapiga hesabu. Bei haijapungua hata senti. Imegawanywa tu.

Mkopo, mfukoni, unafanana na hiyo awamu: kila mwezi kiasi kinatoka. Lakini hapa benki, sacco au kampuni ya mikopo imeshamlipa daktari fedha zote mwanzoni, na wewe unadaiwa na aliyelipa, mara nyingi pamoja na riba. Matibabu yakikwama, deni linaendelea.

Wamarekani waliliona hili mwaka 2023. SmileDirectClub, kampuni iliyouza vifuniko angavu kwa kutuma kwa posta, iliomba kinga ya kufilisika mwezi Septemba na kufunga kabisa Desemba. Waliokuwa katikati ya matibabu waliambiwa huduma imekoma, na dhamana ya matibabu ya maisha yote iliyokuwa ikitangazwa ikaisha nayo. Waliokuwa wakilipa kila mwezi waliambiwa waendelee kulipa mpaka wamalize.

Nafuu ni bei kushuka, na zipo njia za kuishusha. Unaweza kuomba kauri kwa meno ya mbele ya juu tu, kwingine chuma. Meno ya nyuma nani anayaona? Unaweza kuuliza kliniki za kufundishia: Muhimbili na Chuo Kikuu cha Nairobi wote wanafundisha udaktari wa meno. Bima usiitegemee kabla hujausoma mkataba, maana nyingi huhesabu kunyoosha meno kuwa urembo. Hata Uingereza, NHS, yaani huduma ya afya ya umma, kwa kawaida huwalipia walio chini ya miaka 18 wenye tatizo kubwa la mpangilio, na wanachopewa mara nyingi ni chuma cha kawaida.

Halafu uliza bei uliyotajiwa inajumuisha nini. Picha za eksirei? Kibandiko kikibanduka? Na kile kifaa cha kuvaa usiku bresi zikishatolewa, meno yasirudi yalikotoka? Kikiachwa nje ya bei, ile iliyoonekana rahisi inaweza kuizidi ya jirani.

Kwa hiyo rafiki yako akikwambia amepata bresi za bei nafuu kwa kuwa analipa elfu hamsini tu kwa mwezi, muulize taratibu anamlipa nani, na kwa miezi mingapi.