Diwani hajui kila shimo linalochimbwa

Wengi wanaamini diwani akisema "sina taarifa" za barabara inayochimbwa basi anaficha. Mara nyingi ni kweli hajaambiwa. Tangu 2017 barabara za mitaa Tanzania ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, si halmashauri, na mabomba ni ya mamlaka ya maji. Mkutano wa kawaida wa Baraza la Madiwani huja kila miezi mitatu. Kazi ya wiki hii haiwezi kuusubiri.

Barua nayo huishia masijala. Dawa ni ujumbe mfupi kutoka kwa wanaochimba kwenda kwa diwani na mtendaji wa kata kabla koleo halijagusa ardhi: mtaa gani, saa ngapi hadi saa ngapi, magari yapite wapi, simu ya msimamizi. Ratiba ikibadilika, atumiwe tena siku hiyohiyo. Taarifa iliyopitwa humfanya aonekane mwongo mbele ya wananchi.